Vyuo Vikuu Vyetu na Mchezo wa Bendera Fuata Upepo

Mwandishi anayefuatilia habari za elimu akihudhuria hafla za vyuo vikuu kwa miaka miwili mitatu, anaweza kuandika habari yake kabla hajafika ukumbini. Mgeni rasmi atachelewa. Kwaya itaimba. Halafu atasimama mkubwa mmoja wa chuo na kusema kwamba chuo "kimejipanga kuendana na sera ya Serikali". Ilipokuwa Serikali ya viwanda, chuo kilijipanga. Ukaja uchumi wa buluu, chuo kikajipanga. Sasa wimbo ni ujuzi na amali, nako wamejipanga, na bango la kujipanga liko getini, limechapwa kwa rangi.

Mimi sina ugomvi na kujipanga. Chuo cha umma kinakula kodi ya muuza mkaa wa Kisarawe na mvuvi wa Ukerewe, na Serikali ina haki ya kusema nchi inataka wataalamu wa aina gani. Chuo kinachojifanya kisiwa, kisichotaka kuulizwa na mtu, nacho ni mzigo tu. Ugomvi wangu uko kwenye swali moja ambalo kwenye hafla hizo halijibiwi: sera ikigeuka, au ikishindwa, nani analipa na nani anajibu? Kwa jinsi ninavyoisoma historia ya vyuo vyetu, anayelipa ni mwanafunzi. Anayejibu hayupo, yuko kwenye kikao.

Nianze na walimu, maana hapo ndipo mambo yanaonekana bila miwani.

Mwaka 2004 Serikali ilianza mpango wa MMES wa kupanua elimu ya sekondari. Shule za kata zikaota kila mahali, nyingine zikiwa na madarasa mawili, mwalimu mmoja na mwembe. Walimu hawakuwepo. Serikali ikaviita vyuo vikuu, na vyuo vikaitika haraka kweli, sifa hiyo tuwape. Mwaka 2005 kilichokuwa chuo cha ualimu Chang'ombe kikageuka kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, na ile sekondari maarufu ya Mkwawa kule Iringa ikageuka kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa. Mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ikaanza kazi, na ualimu ukawekwa miongoni mwa kozi za kipaumbele. Mwaka 2007 ikaanzishwa UDOM pale Dodoma, na lengo lililotangazwa lilikuwa wanafunzi elfu arobaini. Vyuo binafsi navyo vikanusa harufu ya pilau. Ukienda chuo cha dini hii, kuna shahada ya ualimu. Chuo cha dini ile, ualimu. Chuo kilichoanzishwa juzi kwenye jengo la kupanga, ualimu.

Hapo bado sioni kosa. Nchi ilikuwa na njaa ya walimu, vyuo vikapika.

Tatizo ni kwamba kuanzia mwaka 2015 mlango wa ajira ukabana, ule utaratibu wa kumaliza chuo na kusubiri tu jina lako litoke na kituo cha kazi ukafa, na majiko ya vyuo yakaendelea kuwaka vilevile. Wahitimu wakarundikana mwaka hadi mwaka. Januari 2025 Sekretarieti ya Ajira ilipoanza kuwafanyia usaili walimu, waombaji walizidi laki mbili kwa nafasi zisizofika elfu kumi na tano. Soma tena hesabu hiyo taratibu. Mwaka huohuo walimu wasio na ajira wakaunda umoja wao, NETO, wakawa wanadai kusikilizwa. Miongoni mwao wamo watu waliohitimu miaka kumi nyuma, sasa ni mafundi wa simu, madereva wa bodaboda, wauza nguo za mtumba wenye nondo kabatini.

Sasa niambieni. Chuo chenye idara ya uchumi, idara ya takwimu, na maprofesa wanaoandika makala kuhusu soko la ajira kwa ajili ya majarida ya nje, kilishindwa kuona kwamba mlango umefungwa? Haiwezekani. Waliona. Ila kozi ya ualimu wa masomo ya sanaa ndiyo rahisi kuliko zote kuiendesha. Haitaki maabara, haitaki maiti ya kufanyia mazoezi, haitaki karakana. Inataka ukumbi, kipaza sauti na mhadhiri mwenye mapafu. Wanafunzi mia sita ndani ya ukumbi mmoja ni ada ya watu mia sita. Ukipunguza udahili unapunguza ada, na mshahara wa vibarua wa chuo unatoka hapohapo. Kwa hiyo sera ilipokuwa inasema "ongezeni walimu", vyuo viliisikia kwa masikio yote mawili. Bajeti ya ajira iliposema "hatuna nafasi", masikio yakaingia nta.

Na usidhani takwimu ni siri ya jeshi. Nilikiandikia chuo kimoja cha umma, jina naliacha, nikaomba kitu kidogo sana: kati ya waliohitimu ualimu hapo katika miaka mitatu fulani, wangapi chuo kinajua wako kazini? Nikaambiwa niandike barua rasmi. Nikaandika. Nikaambiwa barua ipitie kwa ofisi nyingine. Ikapita. Nikaambiwa mhusika yuko safarini, na aliporudi akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kijana, hizo namba unataka kuzifanyia nini?" Chuo hicho kinaweza kukuambia kwa dakika mbili kina maprofesa wangapi, mashirikiano mangapi na vyuo vya China na hekta ngapi za ardhi. Hatima ya watoto waliopita pale inahitaji barua tatu.

Sasa njoo UDOM, 2016. Hiki kisa nchi imekisahau haraka mno.

Mwaka 2014 Serikali ya awamu ya nne ilianzisha pale UDOM stashahada maalumu ya ualimu, hasa wa sayansi na hisabati, kwa vijana waliomaliza kidato cha nne. Wazo lilikuwa na mantiki yake: shule za kata hazina walimu wa fizikia, tuwachukue vijana waliofaulu masomo hayo tuwapike upesi. Mikopo wakapewa. Wazazi wakauza mbuzi wa nauli, wakajitangaza mtaani kwamba mtoto yuko chuo kikuu. Tarehe 28 Mei 2016, siku ya Jumamosi, vijana 7,802 wakatangaziwa waondoke chuoni. Wahadhiri walikuwa hawafundishi program hiyo kwa sababu ya mgogoro wa malipo, basi dawa ikaonekana ni kuwaondoa wanaofundishwa. Picha za siku zile bado zipo: mabinti wa miaka kumi na nane wamekaa juu ya masanduku ya bati stendi ya Dodoma, hawana nauli, hawana pa kulala.

Jumatatu yake jambo likaingia bungeni, Naibu Spika akakataa lisijadiliwe kama la dharura, kikao kikavurugika. Tarehe 2 Juni, hayati Rais Magufuli akiwa Mlimani kuweka jiwe la msingi la maktaba mpya, akawaita vijana wale vilaza. Neno likashika. Mpaka leo kuna mtu aliyekuwa pale mwaka ule, sasa ni mama wa watoto wawili, bado anataniwa kilaza kwenye vikoba. Baadaye Serikali ikawachambua: wachache wakarudi UDOM, wengi wakapelekwa vyuo vya ualimu vya Serikali, na wengine wakaambiwa sifa hawana.

Tuache siasa pembeni tuulize swali la chuo. Nani aliwadahili? Hawakuruka ukuta wa Chimwaga usiku. Waliomba, wakachaguliwa, wakapewa namba za usajili zenye nembo ya chuo, wakakaa kwenye mabweni ya chuo na kufanya mitihani ya chuo. Kwa sheria ya vyuo vikuu ya 2005, Seneti ndicho chombo kikuu cha taaluma cha chuo. Udahili ni wake, mitihani ni yake, vyeti ni vyake. Kama vijana walikuwa na sifa, kazi ya chuo ilikuwa kusimama hadharani na kusema, "Hawa tuliwapokea kwa vigezo hivi, vilivyowekwa na wizara hii, kwa barua hii." Kama hawakuwa na sifa, basi waliopaswa kufungasha mizigo Jumamosi ile ni waliowapokea. Hakuna jibu la tatu. Lakini sauti zilizotawala wiki zile zilikuwa za waziri, za wabunge na za Rais. Mchango wa chuo ulikuwa tangazo la kuwataka waondoke. Sera ilipokuja, chuo kiliendana nayo. Sera ilipoondoka, chuo kikaendana nayo pia. Ndiyo maana ya bendera.

Wapo watakaoniambia, "Dogo, UDOM ni kisa kimoja, usichafue vyuo vyote." Haya, tutazame madaraja.

Mwishoni mwa 2013 wizara ikabadilisha viwango vya ufaulu. Tukasikia habari ya divisheni five, nchi ikacheka na kulia. Kisha divisheni zikafutwa, ikaja GPA. Mwanzoni mwa 2016 GPA nayo ikafutwa, divisheni zikarudi. Matokeo yake ni kwamba mwongozo wa udahili wa TCU umelazimika kuwagawa Watanzania kwa mwaka wa kumaliza kidato cha sita: waliomaliza kabla ya 2014 wana hesabu yao, wa 2014 na 2015 wana yao, wa kuanzia 2016 wana yao. Kwa wale wa katikati herufi C ina pointi mbili, kwa wenzao ina pointi tatu. Ndugu wawili wa tumbo moja, shule moja, C ileile, thamani tofauti. Vyuo vikuu, ambavyo vina vitivo vizima vya elimu vyenye wataalamu wa upimaji, vilipokea mfumo, vikapokea kufutwa kwake, vikasonga mbele. Mimi nilitarajia kitivo kimoja tu, kimoja, kiseme kwa sauti kwamba huwezi kubadilisha kipimo cha taifa mara mbili ndani ya miaka mitatu bila utafiti wa wazi, kwa sababu ndicho wanachofundisha darasani kila Jumanne asubuhi.

Halafu kuna ule mfumo wa udahili wa pamoja. Kuanzia udahili wa 2010/11 mwanafunzi aliomba kupitia TCU, na TCU ndiyo iliyompangia chuo. Mwaka 2017 ukaondolewa, maombi yakarudi vyuoni moja kwa moja. Kila upande una hoja zake, na mimi binafsi naona kurudisha udahili vyuoni ilikuwa sahihi, maana anayefundisha ndiye achague anayemfundisha. Lakini tazama kilichotokea katikati ya mgeuko ule. Mapema mwaka 2017 TCU ikatoa orodha ya wanafunzi zaidi ya elfu nane, waliokuwa tayari wamo vyuoni, kwamba sifa zao zina mashaka, wahakikiwe. Watu wamo mwaka wa pili, wa tatu, wanaandika tasnifu! Na walidahiliwa wakati mfumo wa TCU wenyewe ukifanya kazi. Ukienda chuoni unaambiwa, "Waliwaleta TCU." Ukienda TCU unaambiwa, "Chuo kilipaswa kuhakiki." Huyu anamrushia yule, kama watoto wanaocheza rede, na mwanafunzi yuko katikati anakwepa mpira. Julai mwaka huohuo TCU ikavizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kozi kadhaa kwenye vyuo vingine. Baadhi ya vyuo vile kwa kweli havikustahili hata kuitwa tuisheni, katika hilo naiunga mkono tume kwa mikono miwili. Ila ithibati yao ilitolewa na nani? Vyumba vile vile vya kupanga vilikaguliwa na nani vikapewa cheti?

Niguse na mikopo, kwa sababu nisipoigusa rafiki zangu watanifungia mlango. Kijana aliyesaini mkopo akijua atakatwa asilimia 8 ya mshahara, mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, akaanza kukatwa asilimia 15. Juu yake kulikuwa na asilimia 6 kila mwaka ya kutunza thamani ya fedha, na asilimia 10 ya adhabu kwa aliyechelewa. Watu walikuwa wanalipa miaka mitatu deni linanenepa kama ng'ombe wa maonyesho. Hiyo asilimia 6 iliondolewa mwaka 2021, baada ya Rais Samia kuitangaza kwenye sherehe za Mei Mosi, na ile adhabu ya asilimia 10 nayo ikafutwa mwaka huohuo. Fedha za mikopo zenyewe zimeongezeka kweli, kutoka bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi bilioni 787 mwaka 2024/25, na asiyeliona hilo ana lake jambo. Lakini katika miaka mitano ile ya maumivu, waliopiga kelele walikuwa vyama vya wafanyakazi, wabunge na wadaiwa wenyewe. Vyuo vilivyopokea ada kutoka kwenye mikopo hiyohiyo vilikuwa vimejipanga.

Kwa nini wanakaa kimya? Jibu la haraka ni woga, na woga una historia yake.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawafukuza mamia, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe na wa mawaziri kwa asilimia 20. Ile sehemu ya mshahara huwa inasahaulika, na ndiyo tamu: wanafunzi waliadhibiwa, lakini hoja yao kuhusu wakubwa kulipwa mno ilimchoma hata aliyewaadhibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970, Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, aliyetoka kuwa Katibu Mtendaji wa TANU. Waliomfuata, Ibrahim Kaduma na Nicholas Kuhanga, walikuwa wametoka uwaziri. Ilipita karibu miaka ishirini kabla ya kiti kile kukaliwa na mtu aliyetokea kwenye ualimu wa chuo. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi, Akivaga kutoka Kenya, aliondolewa Mlimani mbele ya askari kwa sababu ya barua ya wazi kwa uongozi. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana kupinga mafao ya wabunge na mawaziri, wakafukuzwa kwa mamia. Hata leo Makamu Mkuu wa chuo cha umma anateuliwa na Rais, mwenyekiti wa Baraza la Chuo naye anateuliwa na Rais. Mkono unaokupa ugali ni vigumu kuuambia hauna chumvi.

Ila woga hautoshi kama maelezo, maana wapo walioushinda wakiwa kwenye hali ngumu kuliko hii. Aprili 1990, nchi ikiwa bado ya chama kimoja, jumuiya za wanataaluma wa vyuo vyetu zilikaa Dar es Salaam zikapitisha Azimio kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Jina lenyewe lina pande mbili: uhuru, na wajibu. Waliliandika kabla ya vyama vingi, kabla ya magazeti binafsi kusimama sawasawa. Leo tuna simu janja kila mfuko, na profesa anaogopa kujibu swali la namba.

Na hapa nataka niwageukie walimu wangu, nikiwaheshimu. Kuna wanaoukumbuka ule upande wa uhuru tu. Ukimuuliza kwa nini mtihani wa mwaka wa tatu umesahihishwa na mwanafunzi wa uzamili, anakujibu habari za uhuru wa taaluma. Sheria ya kupambana na rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Mwaka 2020 TAKUKURU ilitoa utafiti wake kuhusu rushwa hiyo UDSM na UDOM, vyuo vyetu vikubwa kabisa. Vyuo vinavyoweza kubadilisha mtaala mzima kwa miezi sita waziri akikohoa, vimechukua miaka mingapi kuwa na dawati ambalo binti anaweza kwenda akalalamika bila jina lake kufika kwa mhadhiri kabla hajatoka mlangoni? Uwajibikaji wa kwenda juu ni mwepesi kama unyoya. Wa kwenda chini una uzito wa kinu.

Desemba 2017 nyufa zilionekana kwenye mabweni mapya ya Mlimani, yale majengo 20 yaliyozinduliwa Aprili mwaka huo kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Wajenzi, Wakala wa Majengo, walieleza kwamba zile ni nafasi za kitaalamu zinazoachwa jengo litanuke. Sawa, inawezekana kabisa, mimi si mhandisi. Lakini mwanafunzi aliyesambaza picha aliishia mikononi mwa polisi. Na chuo kile kina kitivo cha uhandisi, watu wa kutosha kabisa kutembea dakika kumi na tano wakapime, wakaandika ripoti ya kurasa tano na kuibandika ubaoni. Hilo lingemaliza mjadala siku hiyohiyo.

Majirani zetu Kenya nao si malaika, lakini wana kitu. Mwaka 2023 Serikali yao ilileta mfumo mpya wa kugharimia wanafunzi wa vyuo vikuu, wa kuwapanga kwa makundi ya uwezo. Watu wakaenda mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo unakwenda kinyume cha katiba, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Serikali ikakata rufaa. Sitaki kusema tukimbilie mahakamani kwa kila jambo, ila angalau kule sera ya elimu ya juu ililazimika kujieleza mbele ya mtu.

Sasa upepo mwingine umeanza kuvuma. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023 ilizinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, na sekondari ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Mitaala mipya ilianza Januari 2024, ikiwemo kidato cha kwanza cha amali. Upande wa vyuo vikuu upo mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulioidhinishwa mwaka 2021, wa kujenga madarasa na maabara, kusomesha wahadhiri na kupitia upya mitaala. Tusisahau neno mkopo. Hizo ni fedha ambazo mimi na wewe na watoto wetu tutazirudisha.

Mimi napenda sera hii kuliko iliyopita, niseme wazi. Mtoto kujua kuchomelea, kushona na kufuga samaki si aibu, na digrii isiyoweza kutengeneza hata stuli tumeiona matunda yake. Lakini nani atafundisha amali? Kama ni wale wale walimu wa historia wenye semina ya siku tano, basi tumerudi kwenye shule ya mwembe. Nafasi ya vyuo kusema ni sasa, wakati saruji ni mbichi. Seneti iandike kwa lugha ya kueleweka: mwalimu wa amali tunaweza kumtoa kwa miaka kadhaa, kwa gharama hii, tukiwa na karakana hizi, na hatuwezi kutoa zaidi ya idadi hii kwa mwaka. Wizara ikikataa ushauri, barua ibaki kwenye kumbukumbu, na siku mambo yakiharibika tujue nani alionya na nani aliziba masikio. Na aliyekwishadahiliwa amalize kwa masharti aliyoingilia, hata sera igeuke mara ngapi nje ya geti. Hilo liwe kwenye barua ya udahili, na sahihi ya chuo chini yake.

Ripoti zenyewe ziandikwe kwa Kiswahili. CAG anakagua vyuo kila mwaka, vyuo vina ripoti zao nene za mwaka, lakini mzazi wa Nachingwea aliyeuza korosho kulipa ada hawezi kusoma hata ukurasa mmoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi nzima ya Kiswahili. Wana wafasiri, wana wahariri, wana watu waliotunga kamusi. Kazi hiyo ingewachukua wiki mbili.

Vijana walioanza kidato cha kwanza cha amali Januari 2024 wanatakiwa kumaliza kidato cha nne mwaka 2027. Siku watakapofika mahali pa kuchagua chuo, hawahitaji picha ya geti wala ya mhitimu amerusha kofia juu. Wanahitaji mstari mmoja chini ya jina la kila kozi: waliohitimu hapa miaka mitatu iliyopita ni wangapi, na wangapi kati yao wanafanya kazi waliyosomea.